Tanuru la Wifi Akipenda

Wifi yangu, dada yake marehemu mume wangu, watu walimwita Akipenda. Si jina la ubatizo. Alilipata mtaani, kwa sababu hukuweza kumuuliza neno akakujibu bila kumtanguliza Mungu. "Wifi, utafua leo?" "Mungu akipenda." "Wifi, chumvi ipo?" "Ipo, Mungu akipenda." Na chumvi yenyewe anaiona ndani ya kopo. Mimi humwambia, "Basi keshapenda, nipe hiyo chumvi, mboga inaungua."

Hakuwa mnafiki, na hilo naliandika mapema kabla mtu hajacheka sana. Alimpenda Mungu kweli, na kanisani hakuna aliyefagia kama yeye. Lakini ndani yake mlikaa woga, na woga ule ulijifunza kuvaa nguo za imani. Mtu akivaa nguo za mwenzake, kwa mbali utadhani ni mwenyewe. Ilituchukua miaka kuutambua.

Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Nyuma ya mtaa wetu, ukishapita gereji na mashine ya kusaga, palikuwa na bonde la udongo mwekundu unaonata. Hapo alifanya kazi kwa bwana mmoja tuliyemwita Fundi. Hata mkewe alimwita Fundi. Wifi aliukanyaga udongo kwa miguu mpaka ukalainika, akaujaza kwenye kalibu, lile boksi la mbao lisilo na kitako, akasawazisha juu kwa kijiti, akainua kalibu mara moja bila kutikisa, na tofali likabaki limekaa. Tofali lake ungelitambua popote. Kona zake zilikuwa kali za kukuchuna goti. Wenzake walifyatua vitu vyenye mabega yaliyolegea kama mtu aliyeamshwa.

Lakini kufyatua si kuchoma. Tofali bichi ni udongo uliopewa umbo tu. Mvua moja, limerudi tope. Moto ndio unaolifanya tofali, na mwenye moto ni fundi wa tanuru. Yeye ndiye anayeyapanga mabichi mpaka yakawa kama nyumba isiyo na chumba, akaacha chini midomo ya kutia kuni, akakandika tope nje kote, akawasha. Na ndiye anayejua saa ya kutia kuni kidogo na saa ya kujaza. Baba yao, yaani baba mkwe wangu, alikuwa fundi wa namna hiyo, na wifi alikua akicheza miguuni pake katika majivu.

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa tulikuwa tunasugua masufuria pamoja. Akaweka lake chini, akaniangalia kama mtu anayetaka kunipa siri ya uchumba. "Wifi, mimi siku moja nitawasha tanuru langu. Langu mwenyewe. Nilipange, nilichome, nilifungue."

"Lini?"

"Mungu akipenda."

Nikacheka. Sikujua kwamba jibu hilo nitalisikia mpaka kitinda mimba wangu aanze shule.

Kilichomtia woga niliambiwa baadaye na mume wangu. Tanuru la mwisho la baba yao liliharibika. Wingu lilikuwa limetanda, mzee akaogopa kunyeshewa, akataka moto ushike upesi, akajaza kuni midomo yote. Sasa, tofali lenye unyevu moyoni ukilikurupusha kwa moto mkali, maji yaliyomo hayapati nafasi ya kutoka taratibu. Yanalipasua. Matofali yakalia ndani ya tanuru kama bisi kwenye chungu. Na mvua yenyewe haikunyesha. Wingu lilipita zake. Watu walicheka, na mzee yule hakuwasha tena moto wowote zaidi ya ule wa kiko chake. Wifi, msichana mdogo wakati huo, ndiye aliyebeba vipande kwa karai akaenda kufukia mashimo ya barabara. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunapita hapo kwenda sokoni: "Nikikanyaga hapa, nasikia vinalia."

Pamoja na hayo, ndoto haikumwacha. Jioni akitoka kwa Fundi alifyatua machache yake mwenyewe kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba yetu, akayaanika, akayapanga, akayafunika nailoni. Kila msimu wa mvua maji yalikula safu ya chini, naye akafyatua mengine akarudishia. Lile rundo lilikua polepole, likawa kama mtu mmoja wa familia. Kuku wetu walitagia hapo.

Mume wangu alikuwa mtu wa utani. Asubuhi alikuwa akipita na mswaki mdomoni: "Dada, yule mtumwa wa kwenye mfano alifukia talanta ardhini. Wewe umeifunika nailoni. Tumeendelea."

"Nasubiri amani ya moyo, kaka. Bado sijaipata."

"Na kuku je, wao wameipata?"

Kila Alhamisi tulikuwa na maombi ya akina mama. Mwenyekiti wetu alikuwa mkunga aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, tukimwita Mama Mkunga. Akiuliza mahitaji, wifi alisimama, akavuta kitambaa chake cha kichwa, akasema yaleyale: "Tanuru langu, wapendwa. Mniombee Bwana anifungulie mlango." Tukaomba. Tuliomba mpaka mimi niliweza kuyatamka maombi yale huku nawaza maharage niliyoyaacha motoni.

Ndipo ukaja mwaka ambao mume wangu aliacha utani. Jumapili baada ya chai alisukuma kikombe mbele, akamwambia dada yake, "Nataka kujenga vyumba vya kupangisha hapo nyuma. Sikufukuzi, uwanja ni wetu sote. Ila siwezi kujenga juu ya nailoni. Mvua za mwaka huu zikikuta hayajachomwa, mimi nayasukuma, namwaga msingi."

Wifi hakubisha. Alinyanyua vikombe akavipeleka jikoni. Alijua, na mimi nilijua: tofali bichi halihamishwi. Ukilipakia mkokoteni, unafika na vumbi. Ama yachomwe palepale, ama yafe. Na kumbikumbi walikuwa wameshaanza kutoka ardhini, na upepo wa jioni ulikuwa na harufu ya udongo ulioloa mbali.

Alhamisi ile alisimama kama kawaida yake. "Tanuru langu, wapendwa. Safari hii mniombee sana, maana—"

"Hapana," akasema Mama Mkunga.

Wifi akakishika tena kitambaa chake. "Hapana nini, mama?"

"Leo hatuliombei. Tumeliombea tangu mimi nina meno. Unafikiri Mungu ni kiziwi?" Wengine wakaficha nyuso, mabega yanatikisika kwa kicheko. Yeye hakucheka. "Mwanangu, nimezalisha mtaa mzima huu. Naomba kabla, naomba katikati, naomba baada. Lakini saa ikifika namwambia mama, sukuma! Simwambii Mungu asukume. Yule mtu mwenye mkono uliopooza, Bwana alimwambia anyooshe. Hakumshika akamnyooshea."

"Mama, mimi sina amani."

"Nani alikudanganya amani inatangulia? Mimi sijaona mwanamke mwenye amani kabla mtoto hajalia."

Wifi alitoka hata sala ya kufunga haijasemwa. Nilimfuata, naye akatembea mbele yangu njia nzima, visigino vinapiga vumbi. Tulipofika mlangoni akanigeukia. "Umesikia alivyonidhalilisha mbele za watu?"

"Nimesikia."

"Na wewe wifi yangu ukanyamaza."

"Nilikuwa nasubiri Mungu akipenda nijibu."

Nilidhani atanizaba kibao. Alinitazama, macho yamejaa, kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Nikasikia nailoni ikivutwa, na kuku wakipiga kelele kama wameingiliwa na mwizi.

Toka siku hiyo nyumba yetu haikuwa na usingizi mzuri. Kwanza alikwenda kwa Fundi kuomba ruhusa ya siku chache. Alirudi amekunja uso. Fundi alikuwa amemuuliza, "Utachoma wewe? Tanuru si jiko la chai, mama." Akajibu kwamba anajua. "Hata baba yako alijua," akasema Fundi. Chakula cha jioni alikigusa kwa kidole tu.

Kuni zilikuwa za mti mmoja uliokauka mpakani, ambao kaka yake alimkatia na kumpasulia. Alipotua shoka alimwambia, "Ni hizi tu, dada. Zikiisha, mti mwingine wa kwetu haupo." Akazipanga kando ya uwanja na kuziangalia kila saa kama mtu anayeogopa zitatembea.

Kisha akaanza kupima matofali. Unalivunja moja katikati unaangalia moyo wake. Likiwa kavu, moyo una rangi ileile ya nje. La kwanza zuri. La pili zuri. Alipofika katikati ya rundo, yale yaliyokaa siku nyingi chini ya nailoni, akavunja moja akaniita. "Wifi, njoo uone." Lilikuwa jeusi ndani kama ini. Nailoni aliyoiweka iyakinge ilikuwa imeyafungia jasho lao miaka yote. Alikaa chini, nusu moja mkono huu, nusu nyingine mkono ule. "Kumbe nilikuwa nayaozesha mwenyewe," akasema.

Tukayatandaza juani. Mimi, watoto wakitoka shule, hata mume wangu ambaye upande mmoja wa moyo ulishapima vyumba. Mchana tuliyatandaza, jioni tukayakusanya. Nilianika nguo huku natazama angani, nilipika natazama angani. Siku moja tuliiona mvua ng'ambo ya bonde, imening'inia kama pazia, tukasimama wote tukiitazama mpaka ikakata kwingine. Wifi alikonda. Shingo ilibaki mishipa.

Yalipoanza kupauka, akayapanga. Siku ile ndipo nilipomwona baba yake ndani yake. Safu moja imelala, safu moja imesimama, upenyo wa kidole kati ya tofali na tofali ili moto upite, midomo mitatu chini, na yale aliyoyatilia shaka akayaweka juu ambako joto huchelewa kufika. Akakandika tope nje. Akarudi nyuma hatua chache, akaliangalia, akanawa mikono.

"Ya katikati hayajakauka sawasawa," akatuambia. "Siwezi kungoja tena. Nitalipasha taratibu, kama unavyomwinua mgonjwa kitandani. Kesho alfajiri nawasha."

Nikasubiri amalizie na lile neno lake. Mume wangu naye alisubiri, nikaona jicho lake. Wifi akakausha mikono kwenye gauni, akasema kwa sauti ndogo, "Naye anajua," akaingia ndani.

Alfajiri tulitoka na ubaridi. Alipiga magoti mbele ya mdomo wa kati, akaweka kiganja kwenye tope lililokandikwa, akasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Kisha akachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikazimika.

"Lete nikuwashie," akasema kaka yake.

"Usiguse!"

Sijawahi kumsikia akimpandishia sauti kaka yake, wala kabla wala baada. Ya tatu ikashika.

Asubuhi yote moto ulikuwa mdogo, wa kuotea mikono tu. Moshi ulitoka juu mweupe, mzito, wenye unyevu. Ukiweka mkono unaloa. Alitueleza kwamba ule si moshi, ni maji ya matofali yanatoka. Mpaka uwe mwembamba na wa bluu, ni marufuku kuongeza kuni. Mimi nilimletea chai, ikapoa. Nikamletea nyingine.

Kabla ya adhuhuri, mmoja wa watoto kwa wema wake akasukumia gogo nene kwenye mdomo wa kushoto. Tukasikia ndani, tak!

Wifi aligeuka rangi ya majivu. Akajitupa chini, akalichomoa gogo lile linawaka kwa mikono miwili, akalitupa mbali, akabaki amelaza sikio karibu na tope. Tulingoja la pili. Halikuja. Alipoinuka viganja vyake vilikuwa vyekundu. "Ni moja," akasema. "Ni moja tu." Alilirudia neno hilo mara nyingi mno kwa mtu mwenye uhakika.

Na alasiri wingu likaja.

Halikuja kidogo kidogo. Lilipanda nyuma ya mashine ya kusaga, jeusi, tumbo limeshuka, na upepo ukaanza kupeperusha majivu. Fundi akatokea kwa haraka, maana yeye alishafunika ya kwake bondeni. Hakusalimia. "Unangoja nini? Jaza kuni! Lipate moto kabla ya maji!"

"Moshi bado mweupe, Fundi."

"Mweupe, mweupe! Mvua ikikukuta na moto huo wa kuchomea mahindi, utabaki na lundo la tope. Jaza!"

Mume wangu naye akashika kuni kifuani. "Dada, msikilize. Ni mtu wa kazi."

Wifi alinitazama mimi. "Wifi, nifanye nini?"

Sasa mimi najua kupika, kulea na kukumbuka. Tanuru silijui. Nikamwambia ukweli: "Hata nikikwambia, likiharibika litakuwa lako. Sema wewe."

Aliangalia wingu, akaangalia moshi, akaangalia tena wingu. Nilijua anachokiona: baba yake amesimama palepale, na kuni zilezile mikononi. Halafu akaenda kwa kaka yake, akamtoa kuni kifuani moja moja, akazirudisha kwenye fungu.

"Sijazi. Tutalifunika."

"Litakufa!" akapiga kelele Fundi.

"Kama ni kufa, lifie mikononi mwangu. Halitakufa kwa kuogopa wingu."

Wakati huohuo akina mama wa Alhamisi wakawa wanaingia uwanjani, Mama Mkunga mbele, maana wingu lile lilikuwa limeonekana mtaa mzima na wote walijua kuna nini nyuma ya nyumba yetu. Wakashikana mikono wazunguke tanuru waombe. Wifi akawatazama, na nywele zimemsimama kwa upepo.

"Ombeni, mama zangu, nawashukuru. Lakini ombeni na majembe. Maji yakiingia kwenye midomo, moto umekwisha. Nataka mfereji, huku upande wa juu kote, maji yanakotoka."

Mama Mkunga alikuwa wa kwanza kupandisha sketi na kuifunga kiunoni. "Mmesikia? Sukumeni!"

Kisha wifi akanijia mimi. "Wifi, nataka mabati ya jiko."

"Jiko la nani?"

"Lako."

Niseme kwamba jiko langu la uani lilikuwa na mabati mapya, yanameta, na hapakuwa na jingine kama hilo mtaani. Wanawake walikuja kuazima moto ili tu wasimame chini yake. "Na mimi nipikie wapi?"

"Leo hatuli."

Mume wangu alishapanda juu. "Shuka huko!" nikamwambia. Halafu tone la kwanza likanipiga kwenye paji la uso, kubwa kama jicho la ng'ombe, nikaona uso wa wifi. "Basi ng'oa, lakini misumari itoe vizuri! Usinitoboe matundu!"

Tukabeba mabati tunapepesuka. Mume wangu akalilaza la kwanza bapa juu ya tanuru, na wifi akapiga yowe kama aliyeumwa na nyoka. "Inua! Kaka, inua! Ukililaza, mvuke unagonga bati unarudi chini. Utalinyeshea wewe kabla ya mvua! Mawe! Leteni mawe!" Tukayainua kwa mawe, kila bati limesimama juu ya miguu yake kama meza, na ule moshi mweupe ukatoka pembeni. Ndipo mvua ikashuka yote.

Sikumbuki kelele kama ile. Mvua juu ya bati, majembe ndani ya tope, akina mama wanaimba na kuhema, Fundi naye, wala sijui ni saa ngapi alishika jembe, anachimba upande wa juu huku bado anagomba, "Nilisema mimi, nilisema!" Maji yalijaa mfereji. Ukastahimili. Kisha ukingo ukameguka upande wa kulia, yakaruka, yakaingia mdomo wa mwisho. Tulisikia moto ukifa: fshhh, kama mtu anayepumua mara ya mwisho. Fundi akatupa jembe. "Umeona sasa?"

Wifi alikwishaona. Alijitosa kwenye maji, akakandika tope na matofali mawili kuuziba mdomo ule kabisa, akaiacha pembe ile ijifie, akarudi kwenye midomo miwili iliyobaki. Hakuongeza hata kijiti. Alisimama mvuani amelowa chapachapa, macho kwenye moshi, midomo inamcheza. Baadaye nilimuuliza alikuwa anasema nini. "Nilikuwa namwambia, Bwana, mimi nimeshanyoosha."

Mvua ilikatika jua likizama. Kuanzia hapo nilikuwa nasinzia na kuamka, na kila nikiamka yeye yuko kwenye kigoda chake. Mambo yalibadilika karibu na mapambazuko: nilimsikia akiimba, nikatoka, nikaona moshi umekuwa mwembamba, wa bluu, karibu hauonekani. "Sasa," akasema wifi, na akajaza kuni mpaka midomo ikanguruma.

Kuni zilipokwisha zote, akaiziba midomo. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo tabu ilipokuwa kubwa kuliko ya mvua, maana tanuru likizibwa halifunguliwi mpaka lipoe lenyewe, na hakuna mtu duniani anayejua kilichomo. Kila asubuhi wifi aliweka kiganja juu yake kama unavyopima homa ya mtoto. Bado. Mume wangu hakusema kitu, lakini kamba yake ya kupimia msingi ilining'inia msumarini pale mlangoni, na wifi kila akipita aliinamisha kichwa isimguse. Nilipikia nje kwenye mawe matatu, jua kichwani, na sikuthubutu kulalamika.

Asubuhi aliyoamua kufungua, Fundi alikuja, na Mama Mkunga. Akaanza kubomoa upande wa kulia, ule wa mvua. Nilitamani aanze kwingine. La kwanza lilimvunjikia mkononi kama mkate mkavu. La pili vilevile. La tatu lilikuwa limepauka, halina nguvu. Fundi akafyonya. Wifi hakugeuka. Akatoa safu nzima, akaiweka kando kwa upole, akaingia ndani zaidi. Rangi ikaanza kukolea, kahawia, kisha kahawia yenye damu. Mikono yake ilienda mbio. Akatoa moja jekundu, jekundu kabisa, akalitazama kana kwamba limesema jambo. Akatoa jingine. Akayagonganisha.

Yalilia kama kengele.

Akagonga tena. Fundi akasogea, akachukua moja, akaligonga kwa kucha, akaliweka sikioni, akalirudisha. "Kona zake," akasema, "hata moto umeziogopa." Kwa mtu kama yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Wifi alikaa kwenye vumbi. Hakulia. Alikuwa anapumua tu, kama mtu aliyetua mzigo aliousahau kichwani. Robo nzima ya tanuru ilikuwa imeharibika, na bado alikuwa na matofali ya kutosha nyumba.

"Kaka," akasema hatimaye, "ondoa kamba yako pale mlangoni."

"Naondoa. Lakini vyumba vyangu je?"

"Jenga. Matofali yapo. Utanunua."

Mama Mkunga alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nikaokota moja kati ya yale yaliyopauka. "Na haya tunayatupa?"

"Hayatupwi hayo. Tanuru lijalo yanakaa nje, yanawakinga wenzao. Yataiva mara ya pili."

"Lijalo lini?"

Akatazama angani, kwa jicho la kupima sasa. "Mvua zikiisha. Bondeni, karibu na maji."

Nikangoja. Hakuongeza kitu, ikabidi nimchokoze. "Na Mungu akipenda?"

Akajifuta uso, akabaki na mstari mwekundu shavuni. "Yeye alishapenda zamani, wifi. Aliyekuwa hajapenda ni mimi."

Nikamuuliza habari za mabati yangu. Yalikuwa yameungua yakawa meusi, mawili yamepinda kama majani makavu, na bado yalinuka moshi.

"Hayo acha hapohapo," akasema, na tayari alikuwa ameinuka kutoa safu nyingine. "Nitayahitaji."